Wifi na Neno Lililogoma Kufunguka

Wifi yangu ni mtu wa taratibu. Nasema "taratibu" kwa adabu tu, maana ni mke wa mdogo wangu, na mama anampenda kuliko anavyonipenda mimi. Siku alipoletwa nyumbani kutambulishwa alianza kumenya chungwa wageni wakiingia, akalimaliza wageni wakiaga. Ganda lilitoka refu, zima, halijakatika popote. Mimi muda huohuo nilikuwa nimeshapakua chakula, nimeshaosha vyombo na nimeshagombana na shangazi. Nilimvuta mdogo wangu hadi uani nikamuuliza, huyu umemtoa wapi, mbona kama betri imekwisha? Tangu siku hiyo nikamwita Taratibu. Akaitika bila kununa, na hilo ndilo lililonikera zaidi.

Mimi ni msusi. Saluni yangu haijawahi kunyamaza tangu ifunguliwe: vidole mbio, mdomo mbio, mteja anaondoka na kichwa kizuri na habari za mtaa mzima. Kwa hiyo mnaweza kufikiria nilivyojisikia nilipokwenda mara ya kwanza kumwona Wifi kazini kwake. Ana chumba juu ya duka la vifaa vya ujenzi. Unapanda ngazi katikati ya harufu ya rangi na saruji. Ndani kuna meza mbili, feni inayogeuza shingo upande mmoja tu, na kiti ambacho mkono wake wa kulia umefungwa bandeji. Bandeji kweli, ile ya hospitali. Yeye anatengeneza tovuti: za shule, za zahanati, za wauza magodoro, na ya kwaya moja inayogawanyika kila mwaka, na kila kipande kinataka tovuti yake. Anakaa pale kimya akitazama maandishi madogo, halafu anabonyeza kitufe kimoja. Kimoja tu. Nilimuuliza hiyo ndiyo kazi au bado haijaanza.

Aliyemlea ni shangazi yake, mwenye kibanda cha kupigia simu, enzi zile watu wanapanga foleni kuongea na ndugu zao. Wifi alikuwa mtoto wa kuwapokeza watu mkonga wa simu. Anasema simu ilipokata, kila mtu aligonga kifaa na kupiga kelele, isipokuwa shangazi yake, ambaye aliuliza swali moja: ilikuwa inasikika hadi wapi? Wifi amelibeba swali hilo maisha yake yote. Bomba likivuja, analiuliza kwa namna yake. Mtoto akigoma kula, analiuliza. Siku moja mimi na mume wangu tumevurugana, nikaenda kwake kulalamika, akanisikiliza hadi mwisho kisha akasema, "Wifi, mara ya mwisho mlielewana ilikuwa lini, na baada ya hapo mlibadilisha nini?" Nilitaka kumrushia kitana. Lakini njiani kurudi nyumbani nikajikuta nalifikiria hilo swali.

Na ndiyo, yeye ndiye aliyetuwekea mtandao wa wifi nyumbani. Mama akisema wifi imegoma, inabidi umuulize ni ile ya ukutani au yule mke wa mwanawe.

Sasa niwaambie kuhusu baba. Baba alikuwa fundi wa paa. Nusu ya mabati ya mtaa wetu aliyapiga yeye, na nusu nyingine aliyasema. Alikuwa mbishi. Si mkali, mbishi tu. Yeye na mama walibishana kila siku ya Mungu, dirisha lifungwe au liachwe wazi, nani kamaliza sukari, mvua itanyesha au haitanyesha, na walibishana huku wakicheka. Sisi watoto tumekua tukidhani ndoa ndiyo hiyo. Na baba alipofika mwisho wa ubishi, alipokuwa hataki hata kwa dawa, hakusema hapana. Alisema ng'o. Siendi ng'o. Sili ng'o. Alilivuta kutoka ndani kabisa ya pua, na likishatoka, jua mazungumzo yamekwisha.

Asubuhi moja amekaa kwenye kiti anasubiri chai, kiharusi kikampiga. Mkono wa kulia ukalala, mguu wa kulia ukalala, na maneno yakaondoka yote.

Hospitali walimrudisha akiwa hai, tukashukuru. Lakini nyumba ilinyamaza, jamani. Mama alimuuliza, nifunge dirisha? Baba akaitikia kwa kichwa. Nilifungue? Akaitikia tena. Mtaalamu wa matamshi, mama mmoja mpole aliyekuwa akija kumfanyisha mazoezi, alituonya tusikiamini kichwa chake. Alisema ugonjwa huu unachanganya ndiyo na hapana. Mtu ndani anakataa, nje kichwa kinakubali. Mimi sikusadiki, nikamjaribu. Nikamuuliza, "Baba, wewe ni rubani wa ndege?" Akaitikia kwa heshima zote. Nilikwenda jikoni nikalia mpaka nikashikwa na kwikwi.

"Maneno hayajafutika," mtaalamu alituambia. "Yamo yote. Njia ya kutokea ndiyo imeharibika."

Kaka yetu mkubwa anaishi mji wa mbali. Alipata nafasi kwenye nyumba ya kulea wagonjwa karibu na kwake, yenye wauguzi na vitanda vinavyopanda na kushuka vyenyewe. Magoti ya mama yamechoka, hawezi kumnyanyua baba. Mimi nina saluni na watoto. Mdogo wangu, mume wa Wifi, ni dereva wa malori, maisha yake yote yako barabarani. Kaka si mtu mbaya, naomba mnielewe. Alikuwa anaogopa kwamba siku moja mama ataanguka na baba mikononi. Lakini nyumba ile inapokea wagonjwa peke yao. Mama angebaki. Na safari ya kwenda kule ni ya kutwa nzima kwa mtu mwenye magoti mazima. Kaka alipiga simu akasema Jumapili anakuja na gari, na kwamba ameshamuuliza baba kwenye simu ya video, na baba amekubali.

Nikamwambia baba anakubali hata urubani.

Kaka akasema, "Sitamchukua kwa nguvu. Akikataa kwa mdomo wake mwenyewe, nageuza gari. Lakini nataka nimsikie yeye, siyo nyinyi."

Kumsikia yeye. Mtu ambaye tangu augue hajatoa hata silabi moja. Mama alizichukua nguo za baba akazikunja, akazikunjua, akazikunja tena.

Wifi alikuwa ameshaanza kazi yake zamani, bila kumwambia mtu. Mnajua baba hakupenda kuandika ujumbe kwenye simu. Vidole vyake vizito, akigusa herufi moja zinatoka tatu. Alituma sauti. Kundi letu la familia lilijaa sauti zake, akilalamikia chai, akiita watu, akiuliza nani kachukua nyundo. Sisi wote tulizifuta simu zilipojaa. Wifi hakufuta hata moja. Nilidhani ni upendo. Akaniambia hapana, alikuwa bado hajafika kwenye kufuta.

Mtaalamu alipotuambia kwamba baadhi ya wagonjwa husaidiwa na kusikia maneno wakiyafuatisha, Wifi akauliza, je, wakisikia kwa sauti yao wenyewe? Mtaalamu akasema jaribu tuone. Basi Wifi akakaa na zile sauti, akazikata neno moja moja. Chai. Njoo. Nataka. Maji. Akatengeneza ukurasa wa kufungulia kwenye kishikwambi, kila neno na kitufe chake kikubwa. Ukigusa, neno linajaa kioo kizima na sauti ya baba inalitamka.

Nilidhani ameuandika ukurasa ule kitufe kwa kitufe. Akanieleza kwamba hakuuandika. Aliandika programu ndogo tu, na programu ndiyo inayouandika ukurasa. Inaingia kwenye folda, inasoma majina ya sauti zilizomo, na kwa kila jina inaunda kitufe, inaandika neno na kuipachika sauti yake. Nikamwambia aache kunichezea. Akatumbukiza sauti mpya kwenye folda, "nyundo", akaamuru programu ifanye kazi, na kitufe cha NYUNDO kikawepo, kimekaa kwenye mstari na wenzake kana kwamba kimezaliwa pale. Hakuna mkono uliokiweka. Nikamwambia arudie. Akarudia na neno jingine. Mimi nimesuka vichwa visivyohesabika, najua kila unywele lazima uushike ndipo uende unakotaka, na hapa kuna mtu ameandika maagizo yake mara moja kisha kazi inajifanya. Nilibaki mdomo wazi, na Wifi akacheka, akasema afadhali leo nimenyamaza.

Siku baba aliposikia CHAI kwa mara ya kwanza, aligeuza shingo kutazama nyuma ya kiti. Alimtafuta huyo mtu. Kisha akakitazama kishikwambi, akanyoosha kidole cha mkono wa kushoto, akagusa tena. "Chai," baba akasema kutoka kwenye kioo. Baba wa kwenye kiti akafumbua midomo akaifuata, bila sauti, na machozi yakamtoka upande mmoja. Haki ya Mungu nilisisimkwa mwili mzima. Tangu hapo hakutaka kuachana na kile kishikwambi. Midomo ilifuata kila neno. Sauti haikutoka.

Jumamosi, siku moja kabla ya kaka kufika, mtaalamu alikuja akasema jambo. Alisema mara nyingi maneno yanayotangulia kurudi si yale tunayoyachagua. Ni yale ambayo mdomo umeyazoea hata bila kufikiri: matusi, sala, kuhesabu. Akauliza mzee alikuwa na neno gani la mdomoni. Mimi, mama na Wifi tukajibu kwa pamoja, na mtaalamu akaangua kicheko.

Wifi akapekua sauti zote. Hamna ng'o hata moja. Mama akasema itakuwepo vipi, yule mtu hajawahi kukataa kwa simu, anakukatalia usoni. Lakini Wifi alikuwa na video. Aliichukua mwenyewe kabla ya ugonjwa: baba yuko juu ya paa letu anaziba bati, jua kali, mama yuko chini mikono kiunoni anamwambia, "Shuka chini, mzee." Na baba, bila hata kugeuka, anasema, "Sishuki ng'o," na anapigilia msumari kama nukta. Sisi wengine tunasikika tukicheka. Wifi akaikata ile video hadi ikabaki amri na jibu, akaipa jina ng'o, akaitumbukiza kwenye folda, programu ikafanya kazi yake, kitufe kikajitokeza. Tukamwekea baba mapajani. Akagusa.

Neno likajaa juu ya kioo, NG'O, herufi safi kabisa. Chini yake, mahali pa video, kukawa na sanduku jeusi. Tukasubiri. Jeusi. Baba akagusa tena, akagusa tena, kisha akamtazama Wifi kama anavyomtazama mtu aliyempa nyundo isiyo na kichwa.

Mimi nikaanza, mnanijua. Kesho kaka anakuja, kitu chenyewe kimoja kinachohitajika ndicho kinachogoma, huu ni mtandao au ni mkosi? Wifi akagusa CHAI, ikasema chai. Akagusa MAJI, ikasema maji. Basi mtandao mzima. Akaifungua ile video peke yake, nje ya ukurasa. Baba wa paani akatokea na jua lake na nyundo yake. Basi video nzima. Nikamwambia kama vyote vizima, kibovu ni nini, mimi? Akasema huenda ukurasa haukubali aina ile ya video, akaigeuza ikawa ya aina nyingine. Jeusi. Akaihamishia folda nyingine. Jeusi. Kila mara alibadilisha kitu kimoja tu, anajaribu, anakirudisha kilivyokuwa, ndipo anashika kingine. Ningekuwa mimi ningeshabadilisha vyote kwa pamoja na kukitupa kishikwambi chooni.

Akafungua sehemu ya nyuma ya ukurasa, mahali ambapo kivinjari, ile programu inayofungua kurasa, kinaandika malalamiko yake. Mlikuwa na mstari mwekundu. Alisema unalalamika kwamba faili halijapatikana, naye anashangaa, maana faili analiona kwa macho yake liko palepale. Mtaalamu aliaga akaondoka. Mama akaenda kumkunjia baba nguo zilezile. Mimi nikakaa karibu na baba, na kwa hasira tu nikawa nagusa vitufe ovyo. Nataka. Njoo. Nyundo. Nikagusa NG'OMBE, ambayo Wifi aliikata jana yake tu kwenye sauti moja baba anasifia nyama, na hakuna aliyekuwa ameigusa bado. Kimya. Nikagusa tena. Kimya.

"Na ng'ombe wako naye kafa," nikamwambia.

Wifi akageuka. Hiyo ilikuwa sauti, si video. Akauliza kama nina hakika, nikagusa mbele yake. Akarudi kwenye ile mistari myekundu, sasa ikiwa miwili, akaisoma kwa sauti, pole pole, hadi mwisho, kama anavyosoma kila kitu. Wa kwanza ulikuwa unalalamika kwamba haulioni faili linaloitwa "ng". Wa pili nao ulikuwa hauoni faili linaloitwa "ng". Alisema mara ya kwanza aliiona hiyo ng akadhani jina limekatwa na ufinyu wa kioo tu.

"Zote za puani," nikasema, kwa kejeli. "Mashine yako ina mafua."

Wifi akaisema peke yake, "Inasikika hadi ng." Kisha akashika kichwa kwa mikono miwili akaanza kucheka, kicheko kirefu, hata baba akamtazama. Akaniita nije nione. Akanionyesha mstari mmoja kwenye programu yake, aliouandika kwa mkono wake. Kila jina la faili aliliweka katikati ya alama mbili ndogo, moja ya kulifungua jina na moja ya kulifunga. Na alama hiyo, jamani, ni kilekile kiherufi cha juu tunachokiweka kwenye ng', kile ambacho mwalimu alituchapa tukikisahau, kinaitwa ritifaa. Programu ikiandika ng'o, kivinjari kinafungua jina, kinasoma n, kinasoma g, kinakutana na ritifaa, kinasema haya, jina limekwisha. Kinakwenda kutafuta faili la ng. Halipo. Kinarudi mikono mitupu.

"Ni kama umwambie mtu akuletee baiskeli," Wifi akasema, "akasikia bai, akakuaga, akaondoka."

Nilikikodolea macho kile kialama. Nimezoea vitu vidogo, nimetoa mayai ya chawa kwenye vichwa vya watoto wa watu, lakini hiki kilikuwa kidogo kupita kiasi. Na kilitosha kabisa kumfungia baba yangu gizani na jua lake lote na nyundo yake, yuko mzima, yuko palepale, ila njia ya kumfikia imekatika kwenye herufi ya pili. Nikamtazama baba kwenye kiti. Nikalitazama sanduku jeusi. Nikanyamaza, na wanaonijua wanajua hilo halitokei. Nilihisi woga, ule woga wa kuingia mahali patakatifu na viatu.

Haukuchukua muda, mdomo ukanirudi. Nikamwambia akifute hicho kidudu, yaishe. Akasema sawa tujaribu, akaliita faili "ngo". Video ikafunguka. Lakini si mnakumbuka programu inachukua neno kutoka kwenye jina la faili? Juu ya kioo kikajaa NGO. Baba akasoma. Akakunja upande wa uso unaokunjika. Mama alitoka chumbani akaangalia akauliza, kwa nini mmemgeuza mzee kuwa shirika la misaada?

Wifi akasema hapana, hatumfundishi baba neno ambalo halipo. Akarudisha jina lilivyokuwa, ritifaa yake juu. Kisha akaingia kwenye programu yenyewe akaifundisha kwamba ikikutana na ritifaa ndani ya jina, iiandike kwa namna ambayo kivinjari kitaelewa kuwa ni sehemu ya neno, siyo mwisho wake. Nilimwambia ni kazi yote hiyo kwa ajili ya neno moja. Akasema siyo moja, kuna ng'ombe, kuna ng'ambo, kuna kung'oa, na baba ana maneno mengi ya pua. Akabonyeza kitufe chake kimoja.

Baba akagusa. NG'O, na chini yake jua likawaka. "Shuka chini, mzee." "Sishuki ng'o." Msumari, pa!

Baba alicheka. Nusu ya mdomo ilicheka, bega likacheka, kiti kikacheka. Tulikuwa hatujaona kicheko hicho tangu augue. Akagusa tena, na tena, jua likielekea kuzama bado anagusa, midomo inajikusanya, pua inavimba, na safari hii kukatoka kitu, mngurumo mdogo wa puani, nnn, kisha basi. Mama alikaa pembeni yake akisubiri kila mara. Nnn. Halikufika.

Jumapili kaka akaja, na gari, na mito ya kumlaza baba vizuri, na macho mekundu ya mtu ambaye hajapumzika. Alipiga magoti mbele ya kiti. Alimwuliza baba kwa upole, mbele yetu sote, kama anakubali waende. Baba akaitikia kwa kichwa. Kaka akarudia swali. Baba akaitikia tena, huku macho yake yakizunguka chumbani kama ya mtu anayetafuta mlango. Mama akajiziba mdomo kwa kanga. Kaka akatutazama, na uso wake ulikuwa unauliza, sasa mnataka nifanye nini?

Wifi akasogea. Pole pole, bila shaka. Akamwambia kaka, "Shemeji, ngoja kidogo. Usimuulize. Kwenye video hakuulizwa." Kisha akamgeukia mama. "Mama, mwamrishe wewe. Mwambie aende."

Mama akamtazama kana kwamba amemtukana. Yeye, ambaye hakuwa na lingine alilokuwa anamwomba Mungu isipokuwa mzee abaki, ndiye aseme nenda? Na je, akiinuka kweli? Je, akiitikia kwa kichwa, na neno la mwisho walilosemezana likawa hilo? Nilitaka kumzuia Wifi, nilitaka kumvuta nywele. Lakini Wifi alikuwa amemshika mama mkono, hamharakishi, na mama akasimama juu ya magoti yake mabovu, akaweka mikono kiunoni.

"Nyanyuka, mzee. Nenda na mwanao."

Baba akamtazama mama. Mkono wa kushoto ukakamata mkono wa kiti. Mishipa ya shingo ikasimama, pua ikavimba, ule mngurumo ukaanza, nnn, ukakwama palepale ulipokwama jana, tukasikia unakwama. Hakuna aliyesogea. Kisha ukapita.

"Ng'o."

Halikuwa zuri, lilitoka limepinda upande. Lakini lilitoka puani kwa baba yetu. Kaka, bado kapiga magoti, akauliza kwa sauti ya mtoto, "Umesemaje, baba?" Baba akamgeukia kwa uso uleule aliokuwa akiwatazama mafundi wavivu. "Ng'o." Kaka akalaza kichwa kwenye mapaja ya baba akalia kama siku ya kwanza ya shule. Mama alikuwa anacheka na kulia na kumwita baba jeuri, kichwa ngumu, mtu asiyesikia. Mimi sikumbuki nilifanya nini. Wananiambia nilipiga vigelegele hadi majirani wakatoka. Kaka aligeuza gari kama alivyoahidi, ila kabla ya kuondoka tulikubaliana atafutwe mtu wa nguvu wa kuja kila siku kumsaidia mama kumnyanyua baba.

Wifi hakulia pamoja nasi. Alikusanya vikombe, akaenda jikoni. Baadaye sana, sisi tumeshapangusa nyuso na kupenga kamasi, nikamkuta kajiinamia sakafuni kando ya ndoo, ndiyo kwanza anaanza. Hata kulia, huyu mtu, ni lazima achelewe. Nikataka kumtania, nikashindwa, nikakaa karibu naye nikamshika mabega. Kutoka chumbani tulisikia kijiko kikigonga kikombe.

"Mzee, kunywa dawa."

"Ng'o."

"Utakunywa."

"Ng'o."

"Nimesema utakunywa, usinitanie mimi."

Wifi akainua kichwa kusikiliza. Hatukuingia kuwaamua. Tulikaa palepale sakafuni, mgongo ukutani, tukawaacha wagombane.